Uzeni Ziwa, Mimi Kiu Imeniisha

1

Kalunde Msabila, mkaguzi wa sauti, alitaka Sefu Pazi anyongwe, na yeye mwenyewe awepo siku hiyo, akae mstari wa mbele, amtazame usoni mpaka mwisho. Hakulificha jambo hilo. Wakili Lukelo, mwendesha mashtaka wa Mahakama Maalumu ya Kura, alipomuuliza kama kuna lolote la kumzuia asiwe shahidi mtaalamu katika kesi ile ya uhaini, alijibu bila kupepesa macho, "Namchukia mshtakiwa." Lukelo akacheka, akasema kama chuki ingekuwa kizuizi, basi upande wa mashtaka usingepata shahidi hata mmoja nchi nzima.

Na kweli, nchi ilikuwa inatokota. Miaka miwili nyuma wananchi walipiga Kura ya Ziwa, na kwa tofauti ndogo sana wakakubali Ziwa Isanga wapewe Wadovania, wageni wa ng'ambo, walifyonze kwa bomba hadi bandarini na kulipeleka kwao kwa meli, kwa muda wa karne nzima. Ndiyo ilishinda. Kisha ikaanza minong'ono, minong'ono ikawa makelele, kwamba kura ile hawakuipiga wananchi. Walioipiga ni marehemu wao.

Lukelo alifungua mkoba akapanga vinywa vitatu juu ya meza ya Kalunde. Hakuna nyumba iliyokosa kidude hicho cha ukubwa wa mche wa sabuni, kimekaa juu ya kabati la sebuleni, kinazungumza kwa sauti ya baba aliyekufa au bibi aliyetangulia, kinauliza watoto wamekula nini, kinashauri mahari ipokewe au irudishwe. Lukelo akabonyeza cha kwanza.

"Mzee, tuseme nini kwenye hii Kura ya Ziwa?"

Kinywa kikakohoa kizee. "Uzeni ziwa, mimi kiu imeniisha."

Akabonyeza cha pili, akauliza vile vile, na mama mmoja wa makamo akajibu kwa upole, "Uzeni ziwa, mimi kiu imeniisha." Cha tatu kilikuwa cha kijana aliyekufa kwa ajali. Jibu lake likawa ni hilo hilo.

"Huyu Mkurya, huyu Mmakonde, huyu kijana Mpare," Lukelo alisema. "Walikufa miezi tofauti, mikoa tofauti, hawajuani hata kwa kusikia. Na ninao maelfu kama hawa. Sasa nieleze, Mkaguzi, maiti hawa walikutana wapi wakakubaliana maneno?"

"Walikutana Dovania," Kalunde alijibu. Ndivyo alivyoamini, kama walivyoamini majirani zake wote. Sentensi iliandikwa ng'ambo, na Sefu Pazi, mhandisi aliyesimamia Hazina ya Sauti, chimbuko la vinywa vyote, ilipojengwa, ndiye aliyeipenyeza usiku wananchi wamelala. Dovania ilikana. Balozi wao alisema nchi yake haina mazoea ya kuzungumza na marehemu wa watu, na kesho yake uzio wa ubalozi ukapigwa mawe.

Kalunde alikuwa na jambo lake zaidi ya hilo la taifa. Kinywa cha baba yake, Mzee Msabila wa Mwadoya, kijiji cha kando ya ziwa, kilimwambia mama yake maneno yale yale. Mama alikuwa akibishana na mumewe enzi za uhai wake, na sana, lakini mzee alipokufa aliacha kumbishia kabisa, maana neno la marehemu ni wasia. Akaenda akapiga Ndiyo. Haukupita mwaka, Pazi, ambaye wakati huo alikuwa Kamishna wa Bomba, akaja Mwadoya na tingatinga. Mama akashikilia fremu ya mlango wake kwa mikono miwili. Pazi hakumpiga wala hakumsukuma. Alimsogelea kwa adabu, watu wakisikia, akasema, "Mama, si mumeo mwenyewe kasema uuze? Au siku hizi humtii?"

Mama akaachia mlango. Alifia kambi ya Itundu, ambako maji huletwa kwa lori, hata mvua za kwanza hazikumkuta. Mwenye kovu usidhani kapoa, na la Kalunde lilikuwa bado bichi.

"Nitamtafuta," alimwambia Lukelo. "Aliyemsemesha baba yangu, nitamleta kwako akiwa amefungwa kamba."

2

Kinywa hakibuni maneno. Hilo watu wengi hawakulijua, walidhani kuna akili ndani inayofikiri kama marehemu. Ukweli ni kwamba baada ya arobaini familia hupeleka Hazina kila ilichonacho chenye sauti: jumbe za simu, video za harusi, ugomvi uliorekodiwa kwa bahati mbaya. Mashine husafisha kelele, hutambua nani anazungumza, kisha huyapima maneno kwa uzito. Yaliyosemwa karibu na kifo huwa mazito kuliko yote. Kanuni hiyo waliiweka Wadovania wenyewe, waliounda mashine hiyo, baada ya kusoma kwamba sisi ni watu tunaoheshimu wasia, na waliposoma hivyo walijiona wametujua.

Kwa hiyo kila sentensi ina mzizi, rekodi iliyotokea. Sheria ilimkataza Kalunde kufungua mizizi ya familia za watu bila ridhaa yao, lakini ya baba yake ilikuwa mali yake na ya mdogo wake Mgalula. Alivaa hedifoni asubuhi, chai ikiwa mezani, akaifuata ile sentensi kwenda chini. Alitarajia kukuta shimo. Sentensi iliyopandikizwa haina mzizi, na shimo hilo lingekuwa kitanzi cha Sefu Pazi.

Hakukuta shimo. Alikuta rekodi ya simu, ina tarehe, ina mahali. Mwadoya.

Akairudisha kelele iliyosafishwa, tabaka kwa tabaka. Kwanza ukaja upepo. Kisha sufuria, na mtu anaomba kisu. Kisha ikaja sauti inayofanana na ya baba yake, ile ya kukwaruza, yenye kikohozi kati ya maneno, ila imetiwa chumvi kidogo, kama mtu anayeiga mwendo wa kiwete: "Wanangu, mbona mnalia? Uzeni ziwa, mimi kiu imeniisha! Na hela yenyewe mninunulie kitanda cha sita kwa sita, huku chini pamebana!"

Tabaka la mwisho likawa kicheko. Watu wengi walikuwa wakicheka, wakicheka kwa kupaliwa, wanawake wakipiga makofi na mmoja akisema jamani tuacheni tulie. Tarehe ilikuwa ya siku ya mazishi.

Kalunde alielewa, na hakutaka kuelewa. Siku ile yeye alikuwa bado masomoni ng'ambo. Alifika msibani siku ya tatu, watani wamekwisha fanya yao. Maana watani walikuja, wangeachaje kuja? Mtu akifa, mtani huvaa koti la marehemu, hushika bakora yake, hutembea kama yeye, husema kama yeye, huwatukana wafiwa kwa kinywa cha maiti wao mpaka wacheke, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Wadovania hawana watani. Haikuwajia akilini kwamba kuna watu duniani ambao mazikoni kwao anasimama mtu mzima na kusema, mimi ndiye marehemu, nisikilizeni. Mashine ilisikia sauti ya Mzee Msabila, karibu kabisa na tarehe ya kifo, ikitoa agizo kwa wanawe. Ikalipa agizo hilo uzito wa wasia. Kicheko ikakifuta, kwa kuwa kilikuwa kelele.

Alirudia mara nyingine, na mara hiyo ndipo alipomsikia mama yake. Kicheko chake kilikuwa juu ya vicheko vyote, cha mwanamke aliyelia tangu asubuhi na sasa hajizuii tena. Mama alicheka mzaha ule kwa machozi. Miezi michache baadaye mzaha ule ule ulimrudia kwa sauti tulivu ya mumewe, umeondolewa kicheko, naye akautii.

Chai ilipoa. Kalunde alikuwa na hasira kuliko jana, na hakuwa na wa kumpelekea.

3

Mtani mwenyewe alikuwa hai. Jina lake Bi Chausiku, Mzaramo aliyeolewa Mwadoya na kuishi huko miaka mingi. Sasa naye alikuwa Itundu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mnyamwezi. Leo umekumbuka kupiga simu? Nilidhani umeuzwa pamoja na ziwa."

"Bibi, siku ya mazishi ya baba, nani alivaa koti lake?"

"Nani tena zaidi yangu! Na kofia yake niliivaa, na kwenye kaburi niliingia nikalala, nikawaambia sitoki mpaka mnipe kuku. Baba zako wadogo wote walikimbia." Bi Chausiku alicheka. Alikuwa mzee lakini si mjinga. "Kwani kuna nini?"

Kalunde akamwambia. Upande wa pili zikasikika ndoo, watu wa Itundu wakipanga foleni ya lori.

"Mama'ko alikuja kwangu," Bi Chausiku alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na utani ndani. "Kabla ya kura. Akaniambia, Chausiku, mume wangu anasema tuuze. Nikamwambia kama mumeo kasema, miye ni nani? Wallahi, mwanangu, sikuyatambua. Maneno yalikuwa yangu, nami sikuyatambua. Yalikuja kama ya kweli."

"Uliyatoa wapi, Bibi?"

"Kwa watani wenzangu. Msimu ule kila msiba ulikuwa nayo. Nilienda kuzika Tumbi nikayakuta, nikaenda Ulaya kwa Wahehe," akimaanisha mji wao wenye baridi kama ya Ulaya, "nikayakuta. Wengine walisema yameanzia kwa Wangoni. Wengine walisema kuna magari ya wale wageni yalikuwa yakipita misibani kugawa sukari na kuchekesha watu. Sijui. Utani hauna baba."

4

"Hakuna atakayelielewa hilo," Wakili Lukelo alisema. Alikuwa amesikiliza kicheko chote, ameketi bila kulivua koti lake. "Na likieleweka, ni balaa. Mkaguzi, hebu fikiri. Ukisema Dovania iliingiza maneno, kura inabatilishwa. Mkataba unakufa. Watu wako wanarudi Mwadoya, pengine kabla ya masika. Ukisema ni watani, kura inabaki halali. Watu walishauriwa vibaya na marehemu wao, basi. Hakuna sheria ya kumshtaki mtani."

"Hata mimi nimeyafikiri hayo."

"Na Pazi anatoka." Lukelo alimwangalia. "Anarudi kwenye bomba lake."

Kalunde alizikusanya nyaya za hedifoni.

"Mimi siamini kwamba Dovania ni safi," Lukelo aliendelea. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hayo magari ya sukari unayaonaje? Tatizo ni kwamba hakuna ushahidi, wao si watoto. Lakini sauti ya Pazi iko Hazina, miaka mingi ya vikao vyake. Mtu akipekua vizuri, sisemi atunge, nasema apekue, pengine atakuta mahali Pazi anasema amepokea maelekezo. Sentensi moja tu ingetosha." Alisimama akafunga vifungo. "Siku za mwizi ni arobaini, Dada Kalunde. Wakati mwingine mtu anaisaidia ile ya arobaini ifike."

Alipotoka, Kalunde aliitengeneza. Haikumchukua muda, ndiyo kazi aliyosomea. Aliichukua sauti ya Pazi, ile laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa, akaisemesha: "Maneno niliyaingiza mimi, kwa maelekezo ya Dovania." Akatia pumzi mahali pa pumzi. Akaisikiliza akaona ni nzuri, hakuna mtaalamu nchini ambaye angeigundua, kwa kuwa mtaalamu huyo alikuwa ni yeye. Mgalula alikuwa ameshamwandikia kutoka Itundu: Dada, watu wanasema wewe ndiye utaturudisha. Wameanza kufunga mizigo.

5

Kabla ya kuitoa alitaka kumwona Pazi akiwa chini. Alitaka aombe. Alijiambia kwamba akiomba hata kidogo, akitaja jina la mama, huenda akaifuta ile sentensi, na alijua anajidanganya.

Askari magereza wakamleta chumba cha wageni, amekonda, kanzu ya mahabusu inamning'inia. Alipomwona Kalunde akatabasamu kwa kweli.

"Mtani! Wamekutuma Wanyamwezi kuja kunibebea mzigo? Kazi ya babu zako hiyo."

"Nimekuja kukuuliza jambo."

"Uliza. Mimi sasa hivi nina nafasi."

"Ulijua kwamba rekodi za matanga zinaingia kwenye vinywa?"

Pazi alikaa. Kalunde alimwona akifikiri, na akaona wakati hasa alipofika mwisho wa fikra, maana alifumba macho. "Watani," akasema. "Ya Rabi. Ni watani." Akaanza kucheka, akacheka mpaka askari akachungulia. "Wadovania waliniuliza, mtani. Waliniuliza, baada ya mtu kufa, kuna mwingine anayesema kwa sauti yake? Nikawaambia hapana, sisi si wachawi. Sikukumbuka hata kidogo! Mimi Mzaramo, nimelala kwenye makaburi ya watu chungu nzima, sikukumbuka."

"Kwa hiyo ni kosa lako."

"Ni uzembe. Hawanyongi kwa uzembe." Alijifuta macho. "Utawaambia?"

"Kwanza nijibu. Mwadoya. Mwanamke aliyeshika mlango. Ulimwambia nini?"

Pazi alikunja uso akatafuta. Alitafuta kwa uaminifu kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Kalunde kuliko kitu chochote alichokuwa amejiandaa kukisikia. "Walikuwa wengi walioshika milango," alisema. "Nilimwambia nini?"

Kalunde akamwambia, neno kwa neno.

"Ah." Pazi alinyanyua mabega. "Sikumbuki. Lakini ni maneno yangu, nayaona. Si unajua, kazi ile ukiifanya na uso wa kununa, watu wanaleta fujo. Ukitia utani kidogo wanalegea. Alikuwa Mnyamwezi? Basi, ilikuwa utani tu."

Kalunde alitoka pale akiwa na sentensi ya uongo mfukoni na hamu ya kuitumia kubwa kuliko alipoingia. Lakini njiani kurudi mjini jambo moja likamkwama kooni, halimezeki wala halitemeki. Pazi akinyongwa kwa sentensi ile, atakufa kama kibaraka wa Dovania. Vitabu vitaandika hivyo, watoto watasoma hivyo. Mlango wa Mwadoya hautakuwemo. Alilolitenda kweli, kwa kinywa chake mwenyewe, mchana, mbele ya watu, litakuwa limesamehewa bila mtu kusamehe. Na yeye Kalunde atakuwa amefanya kile kile alichoapa kukilipizia: amemsemesha mtu asiyeweza kujibu.

Haikuwa huruma. Alijichunguza, hakuikuta. Alimtaka Pazi kwa kosa lake, si kwa la mtu mwingine.

6

Siku ya ushahidi mahakama ilifurika hadi barazani. Kalunde alikula kiapo, akaeleza mizizi na uzito wa maneno, kisha akaomba ruhusa kupiga rekodi ya baba yake kama ilivyokuwa kabla haijasafishwa. Lukelo alimtazama kwa macho ya kuuliza. Yeye hakumtazama.

Kicheko kikajaa ukumbini. Mwanzoni watu walishangaa, kisha mmoja nyuma akacheka, maana kile kitanda cha sita kwa sita kilikuwa kinachekesha, na wengine wakafuata, majaji wawili pia. Kisha wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, kadiri kila mtu alivyokumbuka msiba wa kwao na nani aliyevaa koti. Mama mmoja wa mstari wa tatu alijifunika kanga usoni. "Jamani, ni mimi," alisema. "Kwa kaka yangu, nilikuwa mimi."

"Kwa hiyo, Mkaguzi," Jaji alisema, "unaiambia Mahakama kwamba Dovania haikuingilia kura yetu?"

"Mheshimiwa Jaji, naweza kusema maneno yaliingiaje. Siwezi kusema ni nani aliyeyafikiri wa kwanza. Kama kuna mtu ng'ambo aliutupa mzaha ule misibani akijua utakapofikia, basi anatujua kuliko tunavyojijua, na hakuacha nyayo. Kama hakuna, tumejidanganya wenyewe. Ushahidi nilionao haunipeleki zaidi ya hapo. Mshtakiwa hakuyaingiza."

Makelele yakapanda. Akapandisha sauti juu yake.

"Lakini mshtakiwa alimwambia mama yangu, Nyamizi binti Kasanda, akiwa ameshika mlango wa nyumba yake—"

"Hilo halimo kwenye mashtaka, Mkaguzi."

"Najua. Nataka liandikwe."

"Lifutwe," Jaji alimwambia karani, na likafutwa.

Pazi aliachiwa baada ya juma moja. Kura ilibaki ilivyokuwa. Balozi wa Dovania alisema ukweli umedhihirika. Magazeti ya mjini yalisema ukweli umenunuliwa. Na mpaka leo ukitaka watu watupiane viti katika harusi, wewe uliza tu habari za magari ya sukari. Mgalula alipiga simu mara moja. Hakupayuka. Alisema, "Dada, watu wamefungua mizigo. Usije Itundu kwa sasa," akakata, na Kalunde akalia kama hakuwahi kulia hata siku ya mama.

Mahakama ikamkabidhi kazi ya kuitengeneza kanuni: tangu sasa rekodi za matanga zisiingie kwenye kinywa cha mtu yeyote. Alikuwa anatoka kuisaini kazi hiyo alipokutana na Pazi kwenye ngazi za Hazina. Amevaa suti, amenenepa tayari. Alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake. Bomba lilikuwa limemrudisha kazini, lakini Hazina hakuruhusiwa tena kukanyaga.

"Mtani!" alimnyooshea mikono miwili. "Umeniokoa shingo. Nikulipe nini?"

"Huna cha kunilipa. Ila siku utakayokufa nitakuja."

"Karibu sana! Uje na kuku."

"Nitavaa koti lako," Kalunde alisema. "Hilo hilo. Nitasimama mbele ya wanao na wajukuu wako, niseme kwa sauti yako, naijua vizuri, nimeisoma pumzi kwa pumzi. Nitawasimulia ya Mwadoya kama ulivyoyasema wewe. Mama, si mumeo mwenyewe kasema uuze. Nitasema milango yote niliyoisikia, na milango ni mingi, baadhi ya watu wa Itundu wameshaanza kunihesabia. Hakuna atakayeruhusiwa kukasirika. Na ikifika arobaini, wanao watapeleka rekodi zote Hazina, na mashine itayaona yale ndiyo mazito kuliko yote uliyowahi kusema. Wajukuu wako watakiuliza kinywa, Babu ulikuwa mtu gani? Kitawajibu."

Pazi alicheka. Alicheka peke yake, akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta mtu wa kumsaidia kucheka, kisha akaacha.

Alipiga simu siku ya pili yake, mchana, Kalunde akiwa kazini.

"Ile kanuni ya Mahakama," Pazi alisema. "Umeshaiweka?"

"Nimeiweka."

"Kwa watu wote?"

Kalunde alikuwa ameiweka kwa watu wote. Hakuacha hata mmoja. Ilikuwa kazi yake na aliifanya kwa uaminifu. Kanuni ilikuwa pale mbele yake kwenye kioo, na Sefu Pazi alikuwa ndani yake kama raia mwingine yeyote, salama salimini.

Akanyamaza.

"Mtani? Na mimi nimo?" Sauti ile laini ilianza kukatika. "Mkaguzi. Dada Kalunde. Mimi nina binti wa miaka saba, nakuomba. Niambie tu kama nimo. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Alikuwa ameomba, na mama alikuwa ametajwa. Kalunde alisubiri aone kama kuna kitu kitalegea kifuani mwake, na hakuna kilicholegea. Alimsikiliza akihema, akaziacha pumzi hizo zipite bila kuzijibu, kisha akakata simu akaiweka mezani. Ilianza kuita tena papo hapo. Ilikuwa tamu. Aliona haya kwa jinsi ilivyokuwa tamu, lakini haya yenyewe haikutosha kumfanya aipokee.